Kufundisha ardhioevu shuleni: anza na tope, orodha ya faida itasubiri

Somo la ardhioevu kwa kawaida huanzia ubaoni: mabwawa, vinamasi, mikoko, kisha orodha ya faida. Huzuia mafuriko, husafisha maji, ni makazi ya ndege. Mtoto hunakili, hujibu mtihani, lakini ukimwuliza kinamasi kinasafisha maji kwa njia gani, hana la kusema. Ushauri wangu ni kuchagua jambo moja linalozaa mengine, nalo ni udongo uliolala majini mpaka ukaishiwa oksijeni. Hilo mtoto anaweza kuliona kwa macho na kulinusa.

Fasili isikule muda. Mkataba wa Ramsar, makubaliano ya kimataifa ya kulinda ardhioevu yaliyotiwa saini tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran, unahesabu kuwa ardhioevu maji ya asili na yaliyotengenezwa na watu, ya kudumu na ya msimu, baridi na ya chumvi, pamoja na bahari isiyozidi kina cha mita 6 maji yanapokupwa. Maana yake hata shamba la mpunga lililofurika limo. Dakika tano zatosha, kisha tokeni nje.

Mashimo matatu

Chimbeni kwenye mstari mmoja: shimo la kwanza pakavu, la pili pembezoni, la tatu penye unyevu wa kudumu lakini pasipo maji ya kusimama. Kina cha sentimita 30 hadi 40 kinatosha kwa jembe la kawaida. Udongo upangwe juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio uleule uliotoka shimoni, wa juu kwa juu, wa chini kwa chini.

Wa pakavu mara nyingi utakuwa na rangi moja, kahawia au nyekundu. Wa penye maji huelekea kijivu, pengine samawati iliyofifia, wenye michirizi ya rangi ya kutu kufuata njia za mizizi. Chanzo ni chuma. Penye oksijeni, chuma kilichomo udongoni huwa kutu. Oksijeni ikiisha, bakteria hukigeuza kikayeyuka majini na kuondoka, kikabaki kijivu cha madini mengine. Ile michirizi inaonyesha mahali mizizi ilipovujisha hewa. Harufu ya yai viza, hasa karibu na bahari, ni ya gesi ya salfa inayotolewa na bakteria wanaotumia salfeti badala ya oksijeni.

Kuna mambo yanayoharibu zoezi hili. Tope la kijivu likikaa hewani huanza kubadilika rangi, kwa hiyo litazamwe na kuchorwa papo hapo. Udongo mkavu hulinganishwa na wa majimaji baada ya kulowanishwa kidogo. Usipofanya hivyo, watoto watakuwa wanalinganisha unyevu badala ya rangi. Tena kuna udongo mweusi tii wa mboji unaoficha kijivu, na mchanga ambao ni mweupe tangu asili. Hapo usilazimishe jibu, sogezeni shimo.

Mmea nao huishije katika udongo usio na hewa? Kata kipande cha sentimita 10 cha kikonyo cha jani la yungiyungi, utaona mifereji ya hewa bila hata lenzi. Kikamuliwe ndani ya bilauri ya maji safi na mapovu yatatoka. Ukitumia matete, kata katikati ya vifundo viwili, maana kwenye kifundo pameziba na watoto watadhani somo limefeli. Asipulize mtu kwa mdomo. Sindano ya plastiki isiyo na ncha na kipande cha mpira vitafanya kazi hiyo.

Modeli, na mahali inapodanganya

Chukua trei mbili zenye upana wa sentimita 30. Katika kila moja tandaza udongo wa mfinyanzi uwe mteremko: sentimita 5 upande wa juu, ukishuka hadi 1, na theluthi ya mwisho ya trei iachwe wazi iwe ziwa. Kwenye trei moja, mpakani mwa mteremko na ziwa, weka sponji yenye urefu wa sentimita 30, upana 5 na unene 2.5. Juu ya miteremko yote miwili nyunyiza konzi moja ya udongo mkavu. Mvua ni chupa yenye mililita 250, kifuniko chake kikiwa na matundu kumi, ishikiliwe sentimita 20 juu. Pimeni sekunde hadi tone la kwanza kuingia ziwani, na baada ya dakika tatu pimeni ujazo wa maji ya ziwa.

Sponji kavu kabisa huyasukuma maji mwanzoni, hivyo ilowanishwe na kukamuliwa vizuri. Ikiacha nafasi chini au pembeni, maji yatapita hapohapo. Ibandike kwa vijiti vya meno na uzibe kingo kwa mfinyanzi. Ukimimina kwa kasi, maji yataruka juu yake.

Walimu wengi huishia hapo, nami naona hapo ndipo somo linapoharibika, kwa sababu mtoto ameshaamini kinamasi hunywa maji bila kikomo. Nyesha mvua ya pili palepale bila kukamua sponji. Ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 375, kwa hiyo haiwezi kupokea mililita 500, na ziada inaingia ziwani. Kisha iondoe, choma vijiti vya meno kama 150 kwenye ukanda uleule, urudie. Vijiti havifyonzi chochote, ila vinachelewesha maji na kuyatandaza. Ndivyo mashina ya mafunjo na matete yanavyopunguza kilele cha mafuriko hata kama ardhi imeshiba.

Maji ya ziwa yapimwe utope. Weka bilauri angavu juu ya karatasi yenye alama nyeusi ya msalaba, mimina polepole huku mtoto akitazama kwa juu, usimame msalaba unapotoweka, upime kina. Koroga kwanza, ukichelewa, tope litatuama na trei zote mbili zitaonekana sawa.

Kusafisha si kuchuja tu

Lile chujio la chupa, changarawe na mchanga, linapendwa mno, na huwaacha watoto wakiamini kuwa maji meupe ni salama kunywa. Kama utalitumia, tia kijiko cha chumvi kwenye maji machafu, yachujwe, kisha yachemshwe hadi yakauke ndani ya kibati. Chumvi iliyobaki inaonyesha kwamba kilichoyeyuka kimepita.

Sasa tope lisilo na oksijeni linarudi. Nitreti kutoka mbolea na vyoo huyeyuka majini. Bakteria wa topeni huitumia kupumua na kuigeuza gesi ya naitrojeni, inayokwenda zake hewani. Fosforasi haina njia hiyo. Hunaswa na tope na mimea, ikirundikana, hivyo kinamasi kinaweza kuzidiwa. Kinamasi cha Nakivubo jijini Kampala, chenye mafunjo, kinapokea maji taka kabla hayajafika Ziwa Victoria, na kimepungua uwezo kwa sababu ya kulimwa na kujengwa.

Kwa darasa la juu kidogo, ongeza mada ya kaboni. Pasipo oksijeni mabaki ya mimea huoza polepole sana na kurundikana, kwa wastani wa kama milimita 1 kwa mwaka. Rula ya sentimita 30 basi ni miaka 300. Bonde la kati la Kongo lina takriban kilomita za mraba 145,500 za udongo wa aina hii, kwa mujibu wa ramani iliyotolewa mwaka 2017, wenye kaboni inayokadiriwa kuwa tani bilioni 30. Maji yakiondolewa, hewa inaingia, uozo unaanza upya, kaboni inatoka na ardhi yenyewe inadidimia.

Mkienda kuvua wadudu

Penye kichocho, ngozi isiguse maji: mabuti ya mpira, glavu, wavu wenye mpini wa mita 1.5, na asiingie mtu. Watoto watano au sita ukingoni kwa zamu, wengine nyuma mita mbili, mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanane. Penye mamba au kiboko, msiende ukingoni kabisa. Lete ndoo ya tope darasani, nayo ishikwe kwa glavu.

Trei nyeupe, maji sentimita 2, kivulini, na viumbe warudishwe ndani ya dakika 20. Lava wa kereng'ende watengwe, la sivyo watakula wenzao kabla hujamaliza kuhesabu. Mkipata wale wadogo wekundu kama uzi, wekundu huo ni himoglobini, kile kibeba oksijeni kilichomo pia katika damu yetu, inayowawezesha kuishi kwenye tope lilelile la mashimo.

Swali la mbu litakuja. Usiseme vinamasi havina mbu, maana mtoto ataliona hilo usiku huohuo. Samaki, kereng'ende na wadudu wawindaji huwapunguza, ilhali madimbwi ya tairi na kopo hayana wawindaji hao.

Litakuja pia swali la kulima, na hapa mkulima asifanywe adui. Ardhi hiyo ina unyevu kiangazi, ana sababu ya kuitaka. Wape watoto modeli ya vijiti, wakwangue mfereji mmoja wa sentimita 1 kupita katikati ya ukanda hadi ziwani, wanyeshe mililita 250 zilezile, wapime sekunde na utope. Kisha wajaribu kuacha ukanda wa vijiti upande wa ziwa bila kuchimbwa, nusu yake, robo yake, na kuandika kila matokeo kwenye jedwali lilelile.