Kuwekewa nenosiri jipya hakufungui faili zilizosimbwa

Wengi wanaotumia na kutengeneza kompyuta hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wanaamini kwamba mtu akisahau nenosiri la akaunti yake ya Windows, fundi atamwekea jingine kupitia akaunti ya msimamizi na kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa. Kwa faili za kawaida ni kweli. Kwa faili zilizosimbwa, yaani zilizofungwa kwa ufunguo wa siri ili mwingine asizisome, kwa EFS, mfumo wa Windows wa kusimba faili uliopo tangu Windows 2000, si kweli, na dhana hiyo inawapotezea watu kazi zao.

Chukua mweka hazina wa kikundi cha wauza dagaa wa Kibirizi: anaingia kwa nenosiri jipya, anaiona folda ya hesabu na majina yote yapo, lakini kila faili anayoibofya inamwambia hana ruhusa. Kubadilisha umiliki wa folda hakusaidii, kwa kuwa ruhusa na usimbaji ni mambo mawili tofauti. Ufunguo wa siri wa mtumiaji, unaohitajika kufungua faili hizo, hulindwa kwa nenosiri lake, hivyo msimamizi akiliondoa la zamani, ufunguo hubaki umefungwa. Kama mtumiaji angebadilisha nenosiri mwenyewe, kwa kuandika kwanza la zamani, Windows ingeufungia upya kwa jipya bila madhara.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta diski na kupiga Windows upya, hatua inayoangamiza ufunguo wenyewe, mhusika ajitahidi kulikumbuka na kulirudisha nenosiri la zamani, au aingize cheti chenye nakala ya ufunguo huo alichokihifadhi kwenye flashi, yaani ile faili ya pfx.