Mgongano wa maslahi ni nini, na kwa nini hata mtu mwaminifu anaweza kuwa nao

Mgongano wa maslahi ni hali ya mtu aliyepewa dhamana ya kuamua kwa niaba ya wengine, huku uamuzi huohuo ukiweza kumnufaisha au kumuumiza yeye, ndugu yake au biashara yake. Hapo hakuna aliyeiba wala aliyepokea bahasha. Rushwa ni kosa lililokwisha kutendeka. Mgongano wa maslahi unakuwepo hata kama mhusika hajafanya lolote.

Chukua mwalo wowote, yaani sehemu ya ufukwe inayoshushiwa samaki, kati ya Mwanza na Ukerewe. BMU, yaani kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi pale ufukweni, kinachagua mwenyekiti. Mara nyingi kura zinamwangukia tajiri mwenye mitumbwi, kwa kuwa anasikilizwa, na chombo kikipotea ziwani ndiye mwenye injini na mafuta ya kwenda kukitafuta. Kazi yake mojawapo ni kuzuia nyavu haramu na sangara wachanga, wale wasiofika sentimita 50. Sasa alfajiri moja mtumbwi wake mwenyewe unatia nanga, na chini ya turubai kuna samaki wa sentimita 40. Akiwakamata vijana wake, hasara ni yake. Akiwaachia, kesho hana uso wa kumkamata mwingine. Na hata akitenda haki tupu, mvuvi aliyenyang'anywa nyavu juzi ataamini nini? Mwamba ngoma huvutia kwake, na huyu amekabidhiwa ngoma hiyo siku ya uchaguzi, mbele ya watu wote.

Kanda ya Ziwa inalijua jambo hili tangu enzi za pamba. Wakulima wa Usukuma walilalamika kwamba mnunuzi ndiye mwenye mizani na ndiye msoma mizani. Malalamiko hayo yalichangia kuzaa vyama vya ushirika, vikiongozwa na akina Paul Bomani, ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Ushirika ulipokua, lawama zilezile za mizani zikawafuata makarani wake. Watu walibadilika, kiti kikabaki kilekile.

Kuna njia mbili za kulikabili. Ya kwanza ni kupiga marufuku. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 katika kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM kilichofanyika Zanzibar. Njia ya pili ni kutamka: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake.

Kwa vikundi vyetu vidogo, marufuku haiwezekani. Ukerewe nani si shemeji wa nani? Kinachobaki ni kutamka, ila kutamka peke yake naona ni kiini macho. Mjumbe wa kamati ya mikopo ya SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, anasema, “Jamani, mwombaji huyu ni mdogo wangu,” wote wanacheka, naye anabaki kitini akiwatazama machoni wanaotaka kumkatalia mdogo wake. Ndiyo kwanza amewaongezea shinikizo. Muhtasari wa kikao makini unaandika hivi: mjumbe alitamka maslahi yake katika agenda ya 4, akatoka nje, akaitwa baada ya uamuzi. Atoke kabla ya mjadala, si wakati wa kura tu, maana kura huwa imeshaiva kwenye mazungumzo.

Ugumu unakuja pale wajumbe watatu kati ya watano wanapokuwa ndugu wa mwombaji. Wakitoka wote, akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kuamua, hakuna. Katiba nyingi za vikundi hazisemi lolote kuhusu hilo, na ndipo utasikia, “Tuendelee tu, tunaaminiana.” Ni afadhali katiba iseme mapema kwamba ombi la namna hiyo liende mkutano mkuu, au liamuliwe na wajumbe wa akiba waliochaguliwa siku moja na kamati, kabla hajajulikana nani atakuja kukopa.