Uvuvi wa upinde: dhana potofu kuhusu zana

"Upinde mgumu ndio unaoua samaki." Hapana. Samaki wengi hupigwa kutoka mita chache tu, na maji huumeza mwendo wa mshale upesi. Upinde unaovutwa kwa nguvu ya ratili 30 hadi 50, yaani kama kilo 14 hadi 23, unatosha. Huu ni uvuvi wa kuvuta na kuachia mara nyingi, tena ghafla, kwa hiyo mkono uliochoka hukosa hata samaki aliye karibu.

"Mshale wowote utafaa." Mshale wa shabaha ni mwepesi mno, na manyoya yake huupeleka kando ukishaingia majini. Wa samaki hauna manyoya. Uti wake ni mzito, mara nyingi wa faiba isiyo na uwazi ndani, na chembe yake, yaani ncha, ina vikulabu vya kumzuia samaki asichomoke. Chagua chembe ambayo vikulabu vyake hugeuzwa au hufunguliwa, usije ukamrarua samaki unapomtoa.

"Mshipi wa kumvutia samaki ufungwe kwenye tundu la nyuma ya mshale." Hili ndilo linaloumiza watu, na laiti kila muuzaji angelisema kwanza. Ukifunga hivyo, upinde unapovutwa mshipi huja nyuma pamoja na mshale na unaweza kunasa kwenye ugwe. Ukiachia, mshale husimamishwa ghafla na mshipi ulionaswa, kisha hurudi kwa mpigaji. Dawa yake ni kitelezi: kipande kidogo kinachoteleza kwenye uti, nacho ndicho kinachofungwa mshipi. Unapovuta, kitelezi hubaki mbele ya upinde. Mshale ukitoka, kitelezi hurudi nyuma ya uti hadi kwenye kizuizi. Ukibanwa na fedha, punguza kwenye upinde, usipunguze hapa.

Rili, yaani kifaa cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye upinde, ikiwa ya kitufe nayo ina sharti lake: bonyeza kabla ya kuachia, la sivyo mshipi haulegei. Rili ya chupa, ambayo mshipi wake hukaa ndani ya chupa, haina kitufe, na kwa anayeanza mimi naiona salama zaidi.

"Miwani ya kuondoa mng'ao huonyesha samaki alipo hasa." Huondoa mng'ao tu. Mwanga bado hupinda: ukitazama wima, samaki aliye kina cha mita 1 huonekana kwenye sentimita 75, na ukitazama kwa mshazari huonekana juu zaidi. Ndiyo maana wengi hawafungi kilengeo kwenye upinde. Hulenga chini ya samaki wanayemwona, na kadiri alivyo chini ndivyo wanavyoshusha mshale.