Baipola: dawa isiyo na “kumaliza dozi”

“Daktari, si nilishamaliza dozi?” Swali hili nalisikia sana kliniki, na mara nyingi anayeuliza ameletwa na ndugu, hajalala siku tatu. Mmoja alikuwa muuza vitenge wa Kariakoo. Alikaa vizuri karibu miaka 2 kwa vidonge vyake, akaona amepona, akaviacha. Haukupita muda, akawa anafungua duka saa tisa usiku na kuwakopesha vitenge watu asiowajua, akiongea mpaka sauti inamkauka. Mkewe alidhani biashara imechangamka.

Dawa mseto ya malaria ni siku 3, ukimaliza umemaliza. Baipola, ugonjwa wa akili unaoyumbisha hisia, hauendi hivyo. Hisia hupanda kupita kiasi, kisha hushuka hadi sonona, na katikati mtu anaweza kukaa sawa kwa miezi, hata miaka. Utulivu huo mara nyingi ni kazi ya dawa. Ukiiacha ghafla, hasa lithiamu, mojawapo ya dawa za baipola, ugonjwa unaweza kurudi kwa kasi.

Najua kwa nini watu huacha. Kuna kunenepa, mikono kutetemeka, na usingizi mzito wa asubuhi kwa mtu anayetakiwa kuwahi mwendokasi alfajiri. Tuambie. Dozi hupunguzwa, saa ya kumeza husogezwa, au dawa hubadilishwa. Mgonjwa akiacha kimyakimya kwa kuogopa kukaripiwa, lawama ni yetu pia.

Anayetumia lithiamu apimwe damu mara kwa mara: kiwango cha dawa, figo na tezi ya shingo. Kwa joto la Dar, anywe maji ya kutosha na asiache chumvi ghafla. Dawa ya maumivu ya duka la dawa, kama diklofenaki au ibuprofeni, huweza kupandisha lithiamu mwilini, kwa hiyo aulize kwanza. Akianza kutapika, kuhara, kutetemeka sana au kuyumba, aende hospitali siku hiyohiyo. Mwanamke anayetumia valproeti, dawa nyingine ya baipola, azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, kwani dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini asiiache mwenyewe.

Yule muuza vitenge amerudi dukani. Mkewe ana daftari dogo, kila asubuhi anaandika mumewe kalala kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Tumekubaliana: usingizi ukipungua usiku 2 mfululizo, wanakuja kliniki bila kungoja tarehe ya kadi.