Kujihoji na kuishi imani: mambo tunayoyashika vibaya na ukweli wake

Wapendwa Bwana asifiwe. Kuna vitu kuhusu kujichunguza tumevirudia makanisani mpaka vimekuwa kama maandiko, na ukivifuatilia kwenye Biblia yenyewe unakuta haviko hivyo kabisa. Mimi naona shida kubwa ni moja, tumelifanya jambo hili liwe la hisia, la mtu na moyo wake basi, wakati maandiko karibu kila yakiligusa yanamtaja na mtu mwingine, yule uliyemdhulumu, yule mwenye njaa, yule ndugu mwenye neno juu yako. Naandika zile dhana ninazokutana nazo sana.

Dhana: "Wiki hii sistahili, siendi kwenye Meza ya Bwana mpaka nijichunguze kwanza"

Hii ndo inaumiza watu wengi. Mtu kagombana na mwenzake nyumbani Ijumaa, Jumapili anabaki kwenye benchi wenzake wanaenda mbele, mwezi unapita, mwaka unapita, anazoea kubaki. Na anachotishwa nacho ni 1 Wakorintho 11, kula na kunywa isivyostahili.

Jamani tusianzie mstari wa 27, tuanzie wa 17. Wakristo wa Korintho walikuwa wanakutana majumbani na chakula cha Bwana kilikuwa mlo kweli, watu wanakula wanashiba, sasa wenye nazo wanatangulia kula vya kwao na maskini wanaambulia patupu, mstari wa 21 unasema huyu ana njaa na huyu amelewa, na wa 22 Paulo anawauliza waziwazi kama wanataka kuwatahayarisha wasio na kitu. Kwa hiyo hiyo "isivyostahili" inahusu jinsi walivyokuwa wanakula huku wamemdharau mwenzao, haigawi watu kuwa wasafi wanaostahili na wachafu wasiostahili. Alafu mstari wa 28 hausemi mtu ajihoji abaki kwenye kiti, unasema ajihoji "na hivyo aule mkate", yaani unajihoji ili uende ukale. Na dawa anayowapa mstari wa 33 ni mngojane, basi.

Na huyu aliyegombana Ijumaa? Jibu lake liko Mathayo 5:23-24, acha sadaka yako pale, nenda kapatane na ndugu yako kisha urudi utoe. Urudi. Kukaa mbali mwaka mzima bila kwenda kuongea na mtu hakupo popote kwenye hiyo mistari.

Dhana: "Nimelia sana, nimetubu, yameisha"

Machozi sio mabaya, wengi tumelia na Mungu ametusikia. Lakini angalia Zakayo, Luka 19, hatuambiwi kama alilia, tunaambiwa alisimama akataja namba, nusu ya mali kwa maskini na aliowanyang'anya anawarudishia mara nne. Torati ilikuwa na kiwango cha mtu anayekiri mwenyewe, Hesabu 5:7, unarudisha ulichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ilikuwa adhabu ya mwizi wa kondoo kwenye Kutoka 22. Zakayo hakuna aliyemshtaki siku ile na bado akajipa kiwango cha mwizi, ndipo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilielewa hili vizuri sana. Historia yake inaanzia mbali kidogo, watu hutaja Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church walivyokutana Namirembe kule Kampala mwaka 1929, alafu moto ukawaka Gahini nchini Rwanda kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana, ukasambaa Uganda, Kenya, Tanganyika hadi Burundi. Waliookoka kule majirani waliwajua kwa kurudisha vitu. Walichoiba kazini walikirudisha, madeni wakalipa, wakaenda kwa mtu wasiyesalimiana naye wakamwomba radhi, Waafrika na wamisionari wazungu wakaombana msamaha mbele ya watu katika miaka ile ya ukoloni, sio jambo dogo hata kidogo.

Sasa sisi tunatubu kwenye mkesha na mshahara wa dada wa kazi una miezi hatujalipa. Yakobo 5:4 inasema ujira wa vibarua uliozuiliwa unapiga kelele na kelele zimemfikia Bwana. Mimi mstari huo unanitetemesha kila nikiusoma.

Dhana: "Mimi na Mungu wangu inatosha, sihitaji mtu"

Daudi alikuwa anaomba, anaimba zaburi, na alikaa na dhambi ya Bathsheba na damu ya Uria mumewe mpaka mtoto kazaliwa, ndo nabii Nathani akatumwa. Na pale aliposimuliwa habari ya tajiri aliyepora mwanakondoo wa maskini akawaka hasira, akahukumu kwamba mwanakondoo arudishwe mara nne, tena alijua sheria vizuri kabisa, ila kwa mtu mwingine. Ndivyo tulivyo. Moyo ukijikagua wenyewe unajipa alama nzuri, ndo maana kila mtu anahitaji Nathani wake, mtu mmoja anayekupenda na haogopi kukuambia. Kama umeoa au umeolewa huyo mtu anaweza kuwa yuko ndani ya nyumba tayari na hujawahi kumuuliza.

Ila niseme hili pia, kusimama na kipaza sauti kutaja kila kitu mbele ya kanisa zima sio lazima, na ukitaja na mambo ya mwenzako ambaye hajakupa ruhusa unamuumiza. Aliyekosewa ndiye anayestahili kusikia kwanza.

Dhana: "Tumeokolewa kwa neema, matendo ni ya watu wa sheria"

Waefeso 2:8-9 tunaijua kwa kichwa, tunaishia hapo. Endelea mstari wa 10, tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Mwandishi ni yuleyule na hajabadilisha mada.

Dhana: "Makanisa yamejaa, basi imani ipo"

Hapa naomba tukae kidogo. Sensa ya Rwanda ya 1991 ilionyesha karibu watu 9 kati ya 10 ni Wakristo, nchi ileile ya Gahini. Miaka mitatu baadaye, kwenye mauaji ya kimbari, watu waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia, Nyamata, Ntarama, Nyarubuye, na sehemu nyingi aliyeua na aliyeuawa walikuwa wanasali pamoja. Kenya tarehe 1 Januari 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto na watu wamo ndani. Wakristo wa nchi hizi walikuwa na kwaya kama sisi, walibatiza, walifunga, na wengi nadhani walijihoji kuhusu pombe na uzinzi, swali la kabila ndo halikuulizwa, au liliulizwa na watu wachache likazimwa.

Wapo walioishi imani yao mpaka mwisho. Felicitas Niyitegeka, mwanamke Mkatoliki wa Gisenyi nchini Rwanda, aliwasaidia watu kuvuka kwenda Kongo, ndugu yake mwanajeshi akamtaka ajiokoe, akakataa kuwaacha aliokuwa nao, akauawa pamoja nao Aprili 1994. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha mwaka 2016, Papa Fransisko naye mwaka 2017. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 20 tangu mauaji, lakini ni kujihoji kwa kanisa lenyewe kama kanisa, na huko sisi wengine hatujafika. Nani kati yetu amewahi kusikia kwenye maungamo ya Jumapili tukitubu kwa jinsi tunavyoongelea kabila fulani tukiwa wenyewe kwa wenyewe?

Dhana: "Mkristo wa kweli anajichunguza saa zote"

Hapana, hiyo inachosha na inaweza kukuvunja kabisa. Martin Luther alipokuwa mtawa inasimuliwa alikuwa anaungama mpaka saa sita mfululizo, anaondoka, anakumbuka nyingine, anarudi, amani hakuna. Paulo kwenye 1 Wakorintho 4 anasema hata yeye hajihukumu, anayemhukumu ni Bwana, na Zaburi 139 inamwomba Mungu ndiye achunguze moyo. Kama kila usiku unalala na hofu kwamba kuna dhambi umesahau, ongea na mchungaji au padri wako, usibebe peke yako.

Kwa anayetaka utaratibu, ule wa Ignatius wa Loyola ambao Wajesuiti, shirika la Kikatoliki aliloanzisha, wanautumia tangu karne ya 16 ni mzuri hata kwa sisi Walokole, kama robo saa tu jioni. Unaanza na shukrani, sio dhambi, alafu unaomba nuru, unaipitia siku yako ilivyokwenda, unaomba msamaha, na mwisho unaamua kesho utarekebisha nini. Hapo mwisho mimi huwa nashauri mtu aandike jina, kesho naenda kwa nani, na saa ngapi.