Kumeza potasiamu hakufungui milango ya mitokondria

Tangu vidonge vya "kuamsha mitokondria" (viungo vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nishati) vishike kasi madukani, meza yetu ya malalamiko haipumziki. Wanaokuja ni watu wenye nia njema. Wamesoma kwamba mitokondria ina milango ya potasiamu, ile ambayo wataalamu huiita chaneli, na kwamba milango hiyo huukinga moyo. Hapo wako sawa. Wanapopotea ni pale wanapoamua kuifungua kwa kumeza potasiamu.

Tufahamishane. Asilimia 98 hivi ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli, karibu milimoli 140 kwa lita, ilhali kwenye damu ni 3.5 hadi 5 tu. Mitokondria inaogelea humo. Tena upande wa ndani wa utando wake una chaji hasi ya takriban milivolti 180, hivyo potasiamu huvutwa kuingia saa zote. Ikiingia, maji huifuata na mitokondria huvimba. Mitokondria yako haina njaa ya potasiamu; kazi yake ni kuzuia mafuriko. Peter Mitchell, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1978, alishasema miaka ya 1960 kwamba lazima kuwe na njia ya kuitoa potasiamu nje kwa kubadilishana na protoni, yaani chembe za hidrojeni zenye chaji chanya.

Mlango unaotajwa sana uligunduliwa mwaka 1991 katika mitokondria ya ini la panya. ATP, ile molekuli inayobeba nishati ya seli, ikiwa tele, mlango hujifunga. ATP ikishuka, kwa mfano misuli ya moyo inapokosa damu, hufunguka. Potasiamu kidogo inayopenya hupunguza kalsiamu inayojazana ndani. Ugunduzi huo ulikuja kusaidia kueleza jaribio la mwaka 1986 kwa mbwa: mshipa wa moyo ulibanwa mara nne, dakika 5 kila mara, kisha ukabanwa dakika 40, na sehemu iliyokufa ikawa kama robo ya ile ya mbwa ambao hawakuandaliwa hivyo. Protini zinazounda mlango zilitajwa mwaka 2019 na watafiti wa Padova, Italia, na ubishi bado upo.

Dawa zinazogusa mlango huu zipo. Diazoksidi huufungua, glibenklamidi huufunga. Na hapa naomba nisieleweke vibaya, maana wapo walioacha glibenklamidi yao ya kisukari kwa sababu ya sentensi kama hiyo. Usiache dawa bila kuongea na daktari wako.

Vidonge vya potasiamu hupandisha ya kwenye damu, na ikizidi milimoli 6.5 kwa lita mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mwenye figo dhaifu au anayetumia spironolaktoni, dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu mwilini, yuko hatarini zaidi.

Ukija kupima potasiamu ya damu, usikunje na kukunjua ngumi wakati mpira umefungwa mkononi. Potasiamu hutoka kwenye misuli na jibu hupanda kwa uongo. Sindano ikivuta kwa nguvu, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu yake. Tukishaizungusha tyubu kwenye mashine, majimaji ya juu yanapaswa kuwa ya manjano hafifu. Yakiwa ya waridi, tunaita mgonjwa upya, na hapana, hatujapoteza damu yake. Tyubu haiwekwi kwenye friji kabla ya majimaji kutenganishwa na chembe.

Malalamiko yaletwe na chupa, kifuniko chake, namba ya toleo (inayotambulisha fungu la vidonge vilivyotengenezwa pamoja), tarehe ya mwisho wa matumizi, risiti, na orodha ya dawa nyingine unazomeza, hata za mitishamba. Lebo inayodai kutibu ugonjwa bila usajili wa dawa ni kosa. Huanza na onyo la maandishi, kisha bidhaa huondolewa sokoni, leseni husimamishwa, halafu mahakama. Kila hatua inategemea namba ya toleo. Vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila chupa tutavipokea na kuvipima, lakini hatutakuwa na wa kumwandikia barua.