Mtoto wa Tanga, mtoto wa Iringa: tohara ya wachanga inavyotofautiana

"Dada nesi, huyu ukimtahiri leo, atakwenda lini na wenzake?"

Swali hilo niliulizwa na bibi mmoja kwenye kliniki ya mama na mtoto mkoani Iringa, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Mjukuu aliyempakata alikuwa na siku 22. Mama wa mtoto alikaa pembeni na kadi ya kliniki mkononi, macho kwa mama mkwe wake. Wajukuu wakubwa wa bibi huyo walikuwa wametahiriwa likizo ya mwaka uliotangulia. Walikwenda kundi zima kutoka kijijini, wakarudi wakitembea kwa kuchanua miguu, naye akawachinjia kuku. Sasa namwambia huyu mdogo tummalize leo, kabla hajaanza hata kukaa. Akamwonea huruma kwamba atakosa msafara.

Sikuwa na jibu la haraka. Mimi ni mkunga, mzaliwa wa Tanga, na kwetu swali hilo halipo. Kaka yangu mkubwa alitahiriwa na ngariba akiwa na miaka 7. Mdogo wangu alitahiriwa hospitali, kitovu kimekauka tu. Nyumba moja, baba mmoja, na kati yao miaka kumi hivi. Pwani watu wamehama kutoka kumbini kwenda hospitali, na umri ukashuka nao, bila mtu yeyote kuitisha mkutano. Kuna familia zinazomtahiri mtoto siku zilezile za akika, siku ya saba, nyingine zinangoja arobaini ya mama ipite, nyingine zinasema mradi iwe kabla ya kuanza shule. Kinachojadiliwa ni siku tu.

Nazungumzia tohara ya wavulana peke yake. Ukeketaji wa wasichana ni jambo jingine kabisa, ni madhara matupu na ni kosa la jinai, na sipendi yatajwe kwa pumzi moja.

Watu wakiniuliza kwa nini mikoa inatofautiana, hutegemea niseme dini. Dini imo. Lakini kwa mchanga, swali linalotangulia ni la umri: je, jamii hii inaona tohara ni sehemu ya malezi, kama kunyoa nywele za kwanza, au ni mlango wa kuingia utu uzima? Ikiwa ni mlango, mtoto wa wiki tatu hana anapokwenda.

Ndiyo maana takwimu tunazozisoma zinapotosha kidogo. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI na malaria wa 2011–12 ulionyesha kuwa asilimia 72 ya wanaume wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wametahiriwa. Zanzibar na mikoa ya pwani ni karibu wote. Kwenye baadhi ya mikoa ya kanda ya ziwa na kusini magharibi, hata nusu hawakufika. Ni takwimu za kweli, ila ni za watu wazima. Mwanaume wa miaka 30 aliyehojiwa 2012 alizaliwa 1982, naye anatueleza uamuzi wa wazazi wa wakati ule, au uamuzi wake mwenyewe ukubwani. Mtoto aliyezaliwa wodini jana usiku hatamfikia mhojaji mpaka atimize miaka 15.

Chukua Mtwara na Unguja. Kwenye ramani ya watu wazima zinapakwa rangi moja. Lakini Mtwara na Lindi, kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, jando lina msimu wake baada ya mavuno, na wavulana wanaoingia wanajua kutembea, kuimba na kukariri waliyofundishwa. Ukimtahiri mtoto wa huko akiwa mchanga, umetenganisha kisu na mafunzo, na wazee wana haki ya kuuliza mafunzo yatatolewa wapi. Au chukua mkoa wa Mara: Tarime kwa Wakurya kijana asiyetahiriwa haoi, na jirani tu, Rorya, Wajaluo kwa asili hawatahiri. Wastani wa mkoa huo hauelezi nyumba ya mtu yeyote.

Halafu likaja jambo la UKIMWI. Tafiti tatu, ya Orange Farm huko Afrika Kusini iliyotoka 2005, na za Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda zilizotoka 2007, zilionyesha kuwa tohara inapunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke. Mwaka huohuo wa 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa UKIMWI, wakaipendekeza kwa nchi zenye maambukizi mengi na tohara chache. Kenya ilianza kampeni yake Nyanza mwaka 2008, na pale wanaume waliotahiriwa walipanda kutoka asilimia 48 mwaka 2007 hadi 66 mwaka 2012. Kwetu Tanzania, mkoa wa Iringa ulikuwa wa kwanza kuanza kampeni, na sababu iko wazi: maambukizi yalikuwa karibu asilimia 16 wakati taifa zima lilikuwa karibu 6.

Kampeni zilifanywa zaidi Juni na Julai, shule zikifungwa na baridi ikiwa kali, kwa kuwa watu wanaamini kidonda hupona vizuri wakati wa baridi. Vijana walimiminika. Wengi walikuwa wamechoka kuitwa "mkono wa sweta" mabwenini, na nimewaona wakitoa machozi wakinisimulia. Na hapa ndipo swali la yule bibi lilipozaliwa. Katika misimu michache tu, mahali pengi ambapo hapakuwa na jando, kampeni imetengeneza kitu kinachofanana nalo: kuna msimu, kuna kundi rika, kuna safari ya pamoja na kuku wa kurudi. Tulitaka kuzuia virusi, jamii ikapokea na ikaongeza maana yake. Naliona jambo zuri. Ila limepanga umri, na umri huo si wa uchanga.

Ndipo Aprili 2013 majaribio ya tohara ya wachanga yakaanza katika vituo 8 mkoani Iringa. Hadi Desemba 2014 watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wametahiriwa, kama mmoja kati ya kila sita wa kiume waliozaliwa kwenye vituo hivyo. Matatizo yalikuwa chini ya asilimia moja.

Kwa macho ya fundi, mchanga ni kazi nyepesi kuliko kijana. Kwanza namkagua: ana kilo 2.5 au zaidi, ana afya, yuko ndani ya siku 60. Natazama tundu la mkojo liko wapi. Likiwa chini ya uume badala ya kwenye ncha, sigusi kitu, kwa sababu daktari wa upasuaji atalihitaji govi hilo kurekebishia. Nauliza kama kuna mtu kwenye ukoo anayetoka damu isiyokatika. Kisha ganzi, na kungoja. Mtoto ananyonya matone ya maji ya sukari, mara nyingi analala. Natenganisha govi na kichwa cha uume, maana kwa mchanga bado vimeshikana, nalivuta kwenye kibanio cha Mogen, chuma bapa chenye mwanya mwembamba sana, nabana, nakata juu yake, nangoja damu ikae. Hakuna uzi. Shashi yenye vaselini, nepi, na mama anamweka titini. Kijana wa miaka 18 anashonwa nyuzi na kukatazwa kujamiiana wiki 6.

Pamoja na wepesi huo, watano kati ya sita hawakutahiriwa. Neno nililosikia zaidi lilikuwa "ngoja nimuulize baba yake." Baba yuko kwenye chai Mufindi, au anapasua mbao, anarudi mwisho wa mwezi. Mama hawezi kuamua peke yake jambo la mtoto wa kiume wa ukoo. Siku 60 zinakwisha.

Nchi nyingine zina sababu zao. Marekani, ambako wachanga wengi hutahiriwa kabla ya kutoka hospitali, kiwango kilikuwa asilimia 64.5 mwaka 1979 na 58.3 mwaka 2010. Majimbo ya magharibi yalianguka kutoka 63.9 hadi 40.2. Huko wamehamia familia nyingi za Kilatino zisizo na desturi hiyo, na bima ya serikali ya wenye kipato kidogo huko California iliacha kuilipia mwaka 1982. Na hesabu yao haimwoni mtoto wa Kiyahudi anayetahiriwa siku ya nane nyumbani, kama vile MTUHA yetu, mfumo wa taarifa za vituo vya afya, isivyomwona anayepelekwa kwa ngariba.

Sitaki Iringa ilazimishwe kufanana na Tanga. Faida kubwa kwa mchanga iko mbali, anapokuwa mtu mzima, na ile ya karibu, kupungua kwa UTI, ni ndogo: asiyetahiriwa huipata kama mmoja kati ya 100 mwaka wa kwanza. Mzazi anaweza kungoja na akawa hajakosea. Ninalolitaka sana ni kwamba tuzungumze na baba mapema, mama anapokuja naye kliniki akiwa mjamzito, na kwamba rejista zetu zitenganishe umri, tujue wachanga ni wangapi kwa kila wilaya.

Yule bibi nilimjibu kwamba mjukuu anaweza kwenda na wenzake baadaye akiwa ameshapona, akawasindikiza. Akafikiri, akasema tumngoje baba. Baba alifika siku ya 51 kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaomba kuonyeshwa kile chuma kwanza. Akakishika, akakigeuza pande zote, akanirudishia. Bibi ndiye aliyeshika miguu ya mtoto.